Raha ya Aliye Kavu

Miongoni mwa raha ambazo binadamu huzipata bila ya kuzihangaikia, ipo moja ambayo sijamwona mtu akiionea haya: raha ya kuwa ndani ya nyumba wakati mvua ya radi inapiga nje, mlango umefungwa, makaa yanawaka, na mkononi mna kikombe cha kahawa iliyokaangwa, ikatwangwa na kuchemshwa hapo hapo nyumbani. Si raha ya matajiri peke yao. Haitaki mali nyingi, haimnyang'anyi mtu haki yake, wala hakuna mzee aliyewahi kumkanya kijana asiionje. Hata hivyo, ukiitazama kwa utulivu, utakuta ndani yake mna swali ambalo haliishi pamoja na kikombe. Kahawa ile ile, makaa yale yale na kiti kile kile, usiku ulio mkavu, havina ladha hiyo. Kinachozidisha ladha ni tufani iliyoko nje. Na tufani hainyeshei hewa tupu. Chini yake wamo watu. Basi na tuulize: ile ladha ya ziada inatoka wapi? Inatoka katika buni, au inatoka katika kurowa kwa mwenzetu? Na kama inatoka huko kwa pili, je, ni halali kuinywa?

Swali hili si la jana. Mshairi wa Kirumi, Lucretius, aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya kuzaliwa kwa Nabii Isa, alilifanya kuwa mlango wa kitabu cha pili cha utenzi wake mrefu juu ya maumbile ya vitu. Hapo anasema, kwa ufupi, kwamba ni tamu kusimama nchi kavu na kumtazama mwingine akitaabika baharini. Kisha anaharakisha kujieleza kwamba utamu huo hautokani na taabu ya yule mtu, bali unatokana na kuyaona maovu ambayo wewe mwenyewe umeepushwa nayo. Tangu hapo wanafalsafa wengi wamekuwa wakiyarejea maneno haya, wengine kwa kuyatetea na wengine kwa kuyalaumu. Utetezi wake una nguvu. Mtu anayefurahi kwamba yeye mzima hajasema kwamba anafurahi kuwa fulani mgonjwa. Furaha ya afya na furaha ya msiba wa jirani ni mbili mbalimbali, ijapokuwa huweza kukaa katika moyo mmoja.

Lakini nadhani sisi watu wa visiwani tunayasoma maneno hayo kwa jicho jingine kuliko lile la mtu wa Roma. Lucretius anamweka mtazamaji nchi kavu na anayetaabika baharini, kana kwamba hawa ni watu wawili wasiojuana. Kwetu hakuna mambo hayo. Meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa safarini kwenda Pemba, na Skagit ilipopinduka karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 katika bahari iliyochafuka, hapakuwa na mtu ufukweni aliyekuwa mtazamaji. Kila aliyesimama nchi kavu alikuwa na jina la mtu mdomoni. Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wa kanda ya ziwa: MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ilipokuwa inakaribia Mwanza, hapakuwa na utamu wa kuepushwa, palikuwa na kuhesabu nani amefika na nani hakufika. Kumbe ile raha ya Lucretius inahitaji sharti moja ambalo yeye hakulitaja: kwamba aliye nje awe mgeni. Akiwa ni mtu wako, kahawa hugeuka shubiri.

Hapo ndipo swali linapokuwa gumu zaidi, wala haliwi jepesi. Maana kama raha yangu inasimama juu ya ugeni wa aliyerowa, basi raha yangu inanilipa ili nisimjue.

Kabla ya kuendelea, naomba ruhusa nizungumze kama mfasiri, kwani kazi hii ndiyo iliyonikutanisha na jambo hili kwanza. Katika mashairi ya Ulaya, usiku wa dhoruba wa majira ya baridi, mtu akiwa kando ya moto na kinywaji cha moto, ni picha iliyozoeleka mno kama ilivyozoeleka kwetu picha ya jahazi na pepo. Mfasiri wa Kiswahili anafika hapo na kalamu inasita. Neno tulilo nalo ni kipupwe. Lakini kipupwe cha pwani ni majira ya kusi, ya baridi ya asubuhi na manyunyu ya mchoo, wala hakimtishi mtu hata akafunga madirisha yote. Na ukienda bara, Usukumani, kwa mfano Maswa, kipupwe ni kikavu kabisa: Juni hadi Agosti hapadondoki tone, vumbi linapanda, ng'ombe wanafuata maji mbali. Baridi ipo, na dhoruba ipo, lakini hazikutani. Dhoruba inangoja mvua, kuanzia Novemba hivi hata Mei. Kwa hiyo mfasiri anayetaka kuipeleka Maswa ile picha ya Ulaya ni lazima achague: ama baridi bila ya tufani, ama tufani bila ya ile baridi ya kuua. Nami nasema achague tufani, kwa sababu humo ndimo lilimo swali.

Maswa ni wilaya ya wakulima na wafugaji, iliyokuwa chini ya Mkoa wa Shinyanga hata ulipoundwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, makao yake makuu Bariadi. Ni nchi ya pamba, mahindi, mtama na viazi vitamu, ambavyo watu huvikausha vikawa michembe ya kuvukia miezi ya njaa. Reli itokayo Tabora kwenda Mwanza hupita Malampaka. Sehemu kubwa ya ardhi yake ya mabondeni ni udongo mweusi, ule wa mfinyanzi, ambao ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mguu na ukirowa hushika gurudumu la lori likalala hapo siku mbili. Kahawa haioti huko. Inayonywewa imetoka mbali, ng'ambo ya ziwa, Kagera, au Kilimanjaro. Na watu wengi hunywa chai au uji. Anayekunywa kahawa Maswa, basi, anakunywa kitu kilichosafiri.

Nilikuwa mgeni huko mwezi wa Desemba 2019, mwaka ambao vuli ilimwagika Afrika Mashariki yote kupita kiasi. Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu, Msukuma, na mkewe ni mtu wa Karagwe, ambaye kila akitoka kwao kusalimia hurudi na mfuko wa buni. Usiku mmoja mvua ilianza baada ya isha, umeme ukakatika, na radi zikawa zinafuatana hata huwezi kujua ngurumo ipi ni ya mwako upi. Bibi alikaanga buni katika chungu juu ya jiko la mkaa, akazitwanga, akachemsha na tangawizi. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati. Kwa raha niliyokuwa nayo, ningeweza kuandika utenzi. Lakini nilimwona mwalimu amechukua kiti chake na kikombe chake, akaenda kukaa peke yake karibu kabisa na mlango, mahali panapopita upepo.

Nikamwuliza, "Mwalimu, mbona unayakimbia makaa?"

Akajibu, "Bati hili, ndugu yangu. Likipigwa namna hii, ukikaa huko ndani husikii hodi."

Bibi akacheka, akaniambia, "Mwache huyo. Kahawa si kinywaji kwake, ni dawa ya kukeshea."

Nilielewa baadaye. Jirani zao wengi wamejenga kwa matofali mabichi, na mvua ya namna ile ikipiga ukuta upande mmoja kwa saa tatu, nne, ukuta hunyonya maji na kuanguka, aghalabu usiku, watu wamelala. Usiku ule hodi ilikuja mara mbili. Kwanza walikuja vijana wawili wa sungusungu, ule ulinzi wa jadi ulioanzia huku Usukumani na Unyamwezini mapema katika miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe. Hawakuwa na haja ila ya kusimama barazani mpaka radi zipungue. Baada yao alikuja mama mmoja na watoto watatu, mmoja mgongoni, na godoro lililorowa kichwani. Bibi aliongeza maji katika sufuria ya kahawa. Akaongeza tena. Ile ya mwisho ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe, na hakuna aliyeisema vibaya.

Sisimulii haya ili kumsifu mtu. Mwalimu mwenyewe angeshangaa kusikia kwamba kuna la kusifiwa. Nayasimulia kwa sababu yale maneno yake ya bati yalinifumbulia jambo ambalo vitabu havikunifumbulia. Sisi hudhani kwamba dhambi ya aliye kavu, kama ipo, ni ugumu wa moyo. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nasi huitafsiri methali hiyo kama lawama ya tabia. Lakini mwalimu hakuzungumzia tabia; alizungumzia bati. Paa lile lile linalotukinga ndilo linalotuziba masikio. Mtu mwema, mpole, mkarimu, akikaa kando ya makaa katikati ya nyumba, hatasikia hodi, na asubuhi ataapa kwa Mungu wake kwamba hakuna aliyebisha. Naye atakuwa mkweli. Uziwi wake si wa moyo, ni wa mahali alipoketi. Basi la kwanza tunalodaiwa katika usiku kama huo si kuwa na huruma zaidi. Ni kukisogeza kiti.

Kuna watakaosema kwamba jibu hili ni jepesi mno. Mtu mwenye msimamo mkali atauliza: kwa nini asiiache kahawa kabisa? Yawezekanaje kuonja tangawizi na hali ukuta wa jirani unaanguka? Naliheshimu swali hili, kwani wapo watu watakatifu walioishi kwa kulijibu. Lakini naona lina kasoro moja. Kahawa ninayoimwaga haimkaushi mtu. Nikitoka nje nikasimama mvuani bila ya kazi ya kufanya huko, nimeongeza idadi ya waliorowa, sikuipunguza. Kujinyima kwa ajili ya mwingine ni jambo tukufu pale ambapo ninachojinyima kinamfikia. Pale ambapo hakimfikii, huwa ni njia nyingine ya kujishughulisha na nafsi yangu. Na zaidi ya hayo, nyumba ambayo makaa yamezimwa kwa huzuni haina cha kumpa anayebisha. Yule mama na wanawe hawakuhitaji kukuta watu waliorowa kama wao. Walihitaji kukuta pakavu, pana moto.

Na watakuwepo wa upande wa pili, watakaosema kwamba nafanya msiba mahali pa neema. Maswa, watasema, mvua si adui. Ni kweli, na Lucretius hakulifikiria hili. Mkulima wa pamba na mahindi anayesikia bati likilia usiku wa Desemba hafurahi kwa kuwa ameepushwa na mvua. Anafurahi kwa kuwa ameipata. Wasukuma wa zamani waliona kwamba mvua ni katika wajibu wa ntemi, na ntemi aliyeshindwa kuileta alihatarisha kiti chake. Raha ya Maswa, basi, si ya kujitenga na walio nje, ni ya kupokea pamoja nao. Yule mama mwenye godoro kichwani naye alikuwa na shamba, na shamba lake lilikuwa linanyweshwa wakati ule ule ukuta wake ulipokuwa unaanguka. Nalikubali hili, na nadhani ndilo linaloifanya raha ile isiwe chafu. Lakini neema moja ikimnyeshea kila mtu sawasawa, haimfikii kila mtu sawasawa. Mmoja inampata chini ya bati, mwingine chini ya udongo mbichi. Neema haikosei; tunaokosa kulinganisha kuta ni sisi.

Hapa ndipo kahawa yenyewe, si kitu kingine, inapokuwa na la kusema. Tusisahau ilikotoka. Kinywaji hiki kilienea kutoka Yemen katika karne ya 15 kupitia kwa masufi, ambao hawakukinywa kwa ajili ya kujiburudisha bali ili wakeshe katika dhikri. Jina lenyewe, qahwa, katika Kiarabu cha kale lilikuwa moja ya majina ya mvinyo. Na pengine kwa sababu hiyo, pamoja na nyinginezo, kahawa ilifikishwa mahakamani. Mwaka 1511, Makka, ofisa aitwaye Khair Beg aliwakusanya wanazuoni wakaiharimisha, na haukupita muda mrefu kabla ya Cairo kuilegeza amri hiyo. Washitaki waliogopa kwamba inalevya. Watetezi walijua kinyume chake. Mvinyo unampa mtu raha kwa kumpunguzia fahamu. Kahawa inampa raha kwa kumzidishia. Ni vitu viwili vilivyoshirikiana jina na kutofautiana njia.

Naona tofauti hiyo ndiyo jibu la swali letu, au ndiyo karibu ya jibu niwezayo kufika. Raha ni za namna mbili. Ipo raha inayolaza na ipo raha inayokesha. Raha inayolaza humwambia mtu: umefika, funga, nje hakuna mtu. Raha inayokesha humwambia: umepata mahali pa kusubiria. Zote mbili zaweza kuwa na kikombe kile kile, makaa yale yale, hata mvua ile ile. Huwezi kuzitofautisha kwa kutazama nyumba kupitia dirishani. Huzitofautisha kwa jambo moja tu, nalo ni jinsi zinavyokatizwa. Aliyelazwa na raha yake, ukimbishia hodi, humwona unamnyang'anya kitu. Aliyekeshwa nayo huinuka kama mtu aliyekuwa akingoja, kwa sababu kweli alikuwa akingoja. Ladha ya ziada niliyoiuliza mwanzoni, ile inayotokana na tufani, kwa huyu wa pili haitoki katika kurowa kwa mwenzake. Inatoka katika kujua kwamba huenda usiku huu akawa na faida kwa mtu. Hiyo naamini ni halali, na tena ni tamu kuliko ile ya Lucretius.

Beti moja nililoliandika baadaye juu ya jambo hili, kwa yeyote atakayelitaka:

Mvua inaponyesha, nawe u kavu nyumbani,
Kahawa yakukumbusha, usikize mlangoni,
Pengine yupo abisha, aliyerowa njiani,
Raha isiyoamsha, ni usingizi yakini.

Lipo jambo jingine kuhusu buni ambalo mtu wa Karagwe analijua kuliko sisi wa pwani. Huko Kagera, na ng'ambo ya mpaka Uganda, kahawa ilikuwepo kabla ya mzungu kuileta mbegu yake. Watu waliichemsha matunda, wakayakausha na kuyatafuna, na mgeni alipofika alikaribishwa nayo. Na kwa kuwa tunda moja la mbuni lina punje mbili zilizolala kifua kwa kifua, Wahaya na Waganda walizitumia katika kufunga udugu wa damu: wawili waliotaka kuwa ndugu waligawana tunda moja, kila mmoja akameza punje yake pamoja na damu ya mwenzake. Tunda hilo halikukusudiwa mtu mmoja. Ukilipasua, utakuta tayari limehesabu wawili.

Nasi wa pwani tuna hekima yetu, ingawa tumeizoea hata hatuioni. Muuza kahawa wa mtaani, na dele lake na vikombe vyake vidogo vinavyogongana, hampi mtu kikombe chake. Unakinywea, unakirudisha, kinasuuzwa, anapewa aliyekaa pembeni yako barazani, awe unamjua au humjui. Kwa miaka mingi tumekuwa tukinywa namna hiyo Jaws Corner na kwenye vibaraza vingine visivyo na jina, bila ya kufikiri kwamba tunafundishwa kitu. Kila aliyewahi kunywa hapo amewahi kuondoa mdomo kwenye kikombe kabla hajatosheka, kwa sababu mwingine alikuwa anakingojea, wala hakuona kwamba amenyang'anywa.